Geti si tatizo, tatizo ni gari

Kuna kauli imenichosha tangu nihamie Marekani, na naisikia zaidi kwa Watanzania wenzangu kuliko kwa wenyeji: eti wazungu wanapenda wanyama, sisi tunapenda nyama. Tunacheka, mjadala unaishia hapo. Mimi naishi Colorado, na vuli ikifika huwa napanda kaskazini kupitia Wyoming hadi hifadhi ya Yellowstone. Kila nikirudi naiona kauli hiyo ni uvivu wa kufikiri tu.

Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio wakati wa elki kugombea majike. Elki ukimtazama haraka utadhani ni yule swala wetu mkubwa aitwaye pofu, ila pembe za dume zina matawi, na kila mwaka hudondoka zikaota upya. Dume hukusanya majike wake, halafu kazi yake usiku na mchana ni kuwazunguka na kuwafukuza madume wenzake. Kula hana habari nako. Mlio wake haufanani kabisa na mwili ule. Unaanza chini kama mkoromo, unapanda mpaka unakuwa filimbi kali, kisha unakatika kwa miguno mifupi. Pale Mammoth Hot Springs, yaliko makao makuu ya hifadhi, mambo hayo yote hufanyika kwenye nyasi za mbele ya ofisi na nyumba za watumishi, huku askari wa hifadhi wakihangaika kuwarudisha watu nyuma, maana dume mwenye wivu huparamia hata magari.

Masharti yao ni mafupi: kaa mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, mita 23 kutoka kwa elki, baisani (nyati wa Marekani) na wengineo. Baisani ndiye huwaponza wageni. Anaonekana mpole, anatembea katikati ya lami taratibu, foleni ya magari nyuma yake, mtu anashuka kupiga naye picha. Dume anafikisha kilo 900 na anakimbia kasi ya kilomita 55 kwa saa. Hakuna mnyama aliyejeruhi watu wengi zaidi yake katika hifadhi ile, dubu akiwemo. Nilipomtumia dada yangu picha ya baisani, jibu lilikuwa: “Kwa hiyo kaka umetoka nchi ya tembo, ukaenda kulipia kuangalia ng’ombe aliyevaa koti?”

Haya, dada. Ila si baisani aliyenifanya niandike. Ni watu wa bonde la Lamar, humohumo hifadhini.

Alfajiri, baridi ya kuganda, utakuta magari yameegeshwa pembeni mwa barabara. Magari ya kawaida kabisa, mengine ukiyaona utasema hayafiki Chalinze. Wenye nayo wengi ni wastaafu, na vijana wachache waliolala kwenye siti. Wamesimamisha darubini kwenye miguu mitatu, wanatazama kilima kilicho mbali kiasi kwamba mimi kwa macho naona majani makavu tu. Wanasubiri mbwa mwitu, wale wakubwa wa kijivu. Wanyama hao walimalizwa kwa bunduki na sumu kufikia 1926, wakarudishwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Watazamaji wale wanawajua kwa kundi na kwa namba za utafiti: nani mama wa nani, nani kahama ukoo. Usiyemjua anakuita, anainama kurekebisha darubini yake, anakuachia uchungulie. Kama kuna dubu anachimbua mizizi upande wa pili watakuonyesha pia, kwa sababu msimu huo dubu hula kutwa nzima kujaza mafuta kabla ya kulala majira ya baridi.

Pale hakuna aliyeletwa. Kila mtu amejiendesha mwenyewe, amesimama anapotaka, ameshuka garini. Kiingilio ni dola 35 gari zima kwa siku 7. (Tangu Januari 2026 asiye mkazi wa Marekani anaongezewa dola 100 kwa kichwa. Nao wameanza kujifunza kwetu.)

Sasa tuje nyumbani. Wengi wakisikia mgeni hulipa dola 70 kwa siku kuingia Serengeti msimu wa watalii wengi, wanadhani na wao ni hivyohivyo. Sivyo. Mtanzania mtu mzima analipa shilingi 10,000 na VAT juu yake. Kwa hiyo geti halijamfungia mtu. Kinachomfungia ni gari: Serengeti haipitiki kwa kigari cha mjini, hivyo unatafuta Land Cruiser ya kufunguka paa, na dereva wake, na mafuta yake, na mahali pa kulala, na hapo bado hujafika geti la Naabi. Familia ya mwalimu hesabu hiyo inaiishia mezani. Halafu tunasema hawapendi wanyama!

Mimi nimekulia Morogoro. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kila aliyepanda basi njia ile anajua kinachotokea. Waliolala wanaamshwa, wa upande wa kushoto wanahamia kulia, mtoto wa mtu usiyemjua anakanyaga mapaja yako apate dirisha, “twiga wale, twiga wale!” Hakuna aliyelipia, hakuna aliyeshawishiwa na tangazo. Basi likitoka tu hifadhini watu wanakaa, wanarudi kwenye simu. Hamu ipo. Haina tu mahali pa kuegesha.

Na nisieleweke vibaya, huku kuna vitu vinanikera. Ile kujihudumia mwenyewe ina hasara yake: unaweza kuzunguka kutwa usione kitu, kwa sababu macho ya kujua pa kutazama huna. Mwongoza watalii wa Arusha anaona mkia wa chui kwenye mgunga akiwa anaendesha, anajibu redio, na anakueleza kwa nini swala wamegeuza shingo wote upande mmoja. Ujuzi ule sijaukuta Lamar hata kwa wenye darubini za bei mbaya.

Wala wasitusomeshe upendo. Yellowstone ilitangazwa mwaka 1872, na Washoshone, wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi mle, wakaondolewa. Kwetu Wamaasai wakatolewa Serengeti mwaka 1959. Baisani wa mle walibaki kama dazeni mbili mwaka 1902, baada ya kuuawa kwa mamilioni bara zima. Mfugaji wa Montana akiliwa ndama na mbwa mwitu jimbo linamlipa, na bado ananuna. Kwetu mkulima akiliwa shamba na tembo anasubiri kifuta jasho, na familia iliyofiwa inasubiri kifuta machozi. Mtu huyo umwambie hapendi wanyama? Yeye ndiye anayelala nao jirani.

Ninachotaka ni kidogo. Hifadhi zetu ziwe na mabasi yao ya kuwatembeza wananchi kutoka getini, kwa nauli ya kueleweka, wikendi na sikukuu. Vijana wameshaanza wenyewe, wanachangishana Coaster kwenda Mikumi. Na wanaotaka kutembea kwa miguu wapelekwe Udzungwa, hakuna barabara ya magari mle ndani, unapanda hadi maporomoko ya Sanje kwa pumzi zako.

Oktoba ijayo narudi likizo. Mwezi huo kiangazi kimekausha madimbwi, na tembo wanakuwa wamejazana mtoni Tarangire. Natafuta watu wa kuchangia gari moja la siti saba kutoka Arusha. Dada ameshasema anakuja kwa sharti moja, vyoo vya njiani viwe vya maana. Ukitoa na ya dereva, siti zilizobaki ni nne.