Kasema Ijumaa

Hesabu za nyumba yangu ninazo tangu Jose yuko chekechea, na sasa hivi Jose ana sauti nzito kuliko yangu. Ziko kwenye GnuCash, programu ya bure ya uhasibu ule wenyewe wa pande mbili: hela haitoki mahali mpaka useme imekwenda wapi. Ukinunua mkaa wa 20,000, pochi inapungua 20,000, mkaa unaongezeka 20,000, pande zinalingana, unalala usingizi. Watu huniuliza kwa nini nisiandike kwenye daftari kama binadamu wengine. Daftari halina maswali. Ukiliandikia uongo linapokea.

Kwa kuwa msomaji nilijua ni mmoja tu, akaunti nilizipa majina bila kuzunguka mbuyu. Ipo "Michango ya hiari" na ipo "Michango ya kulazimishwa". Ipo "Mbwa". Ipo "Mama Jose: Kichwani", ambayo ni saluni, rasta, dawa na nauli ya kwenda na kurudi. Halafu ipo "Wadaiwa", na hii ndiyo niliyokuwa nikijivunia. Kila aliyenikopa ana mstari wake, na kila anapoahidi kulipa naingiza muamala wa shilingi sifuri, kwenye maelezo naandika alichosema. Programu haina shida na sifuri. Kwa njia hiyo hata ahadi hewa inakuwa na tarehe.

Mwenye historia ndefu kuliko wote humo alikuwa mjomba wa mke wangu. Shilingi 450,000, za bati. Alizipokea huku amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Maelezo yake yalikwenda hivi: "Kasema Ijumaa." "Kasema Ijumaa." "Kasema mwisho wa mwezi." "Kauliza hali ya watoto." "Kasema Ijumaa." Mke wangu alishanionya zamani kwamba mjomba hakopeshwi, anapewa tu kiasi ambacho umeshakiaga moyoni. Kwa hiyo deni lile lilikuwa linajulikana na mimi, mjomba na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, sebuleni, feni yake ikianza kuunguruma taarifa ya habari haisikiki. Betri ya kifaa cha kuzuia umeme usikatike ghafla ilishakufa, kikabaki cha kupiga kelele tu: umeme ukikatika kinalia, na kompyuta inazima papo hapo na kazi yako. Nikavumilia hadi siku nilipopata laptopu ya mtumba Kariakoo, nzuri, ina mkwaruzo mmoja tu kwenye mfuniko.

Aliyewahi kuhamisha hesabu anajua kwamba hofu si faili kupotea. Faili likipotea utalia na kunyamaza. Hofu ni lifike huko limepungua shilingi mia tatu na usijue zimedondokea wapi. Nikalifanya jambo lile kihasibu. Hesabu zangu zote ni faili moja, nyumbani.gnucash, lakini ukifungua folda unakuta limezungukwa na ukoo mzima, maana kila unapohifadhi programu inaacha nyuma nakala ya zamani yenye tarehe, saa na dakika kwenye jina, pamoja na faili la kumbukumbu la kila ulichogusa. Nikabeba ukoo wote kwenye flashi ya kijani. Halafu, ili niwe na cha kulinganisha, nikatoa ripoti mbili kutoka kompyuta ya zamani kwa PDF, nikazipa majina yanayoanza na namba ili zikae juu: "01 Wadaiwa" na "02 Matumizi". Nikaiweka laptopu ubavuni mwa mzee wake, rula mkononi, nikashuka mstari kwa mstari. Mbwa, sawa. Kichwani, sawa. Mjomba, sawasawa kabisa. Nikaizima kompyuta ya zamani na kuifunika kitambaa cha kufuma.

Sasa hapa ndipo watu hunikatiza. Wanasema, kumbe faili hukulihamishia kwenye laptopu, ulilifungulia kwenye flashi. Nawajibu: faili lilifunguka? Lilifunguka. GnuCash inakumbuka faili la mwisho ulilotumia, na ukiiwasha kesho inakufungulia lilelile kutoka palepale bila kukusumbua. Mimi nawasha, hesabu hizi hapa, naandika, nahifadhi, nazima. Flashi imeng'ang'ania ubavuni mwa laptopu kama kupe, wala haimkeri mtu. Nani anachunguza kupe?

Mama Jose alichunguza. Alikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wake wa mwisho, na mwenyekiti wa kamati, kwa umri na kwa sauti, alikuwa mjomba. Kikao kilikuwa Jumapili jioni. Mchana wake alihitaji flashi ya kupelekea bajeti steshenari, akaona moja haina kazi, akaichomoa. Programu ilikuwa wazi kwenye kioo. Mimi nilikuwa bafuni.

Niliporudi nikaandika matumizi ya sokoni, nikahifadhi, ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma kwa maneno marefu zaidi. Nikajua nimeuziwa laptopu mbovu. Nikamtukana muuzaji kimoyomoyo, nikavaa shati, nikaenda kikaoni.

Huko steshenari, kama nilivyosimuliwa baadaye, kijana wa mashine alikuwa na foleni ya wanafunzi mpaka nje. Mama Jose akamwambia atoe kopi thelathini za PDF iliyomo humo na kuzibana, yeye anakwenda mara moja kuangalia vitambaa. Kijana akakuta PDF tatu, na kwa mashine namba huja kabla ya herufi. Juu kabisa "01 Wadaiwa", ikafuata "02 Matumizi", mwisho "Bajeti ya Harusi". Akazitoa zote kwa mpangilio huohuo, akazibana pembeni kwa pini mbili, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Kazi safi, karatasi bado za moto.

Tulikutana kwenye baa moja Kimara, nyuma, chini ya makuti. Soda zikaja, karanga zikaja, sala ikasomwa, makaratasi yakagawiwa. Mjomba akafungua kikao na kumkaribisha mweka hazina, mama mmoja aliyestaafu ualimu, mwenye miwani ya kamba. Akatazama ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Namshukuru sana katibu," akasema. "Safari hii katuletea orodha ya wadaiwa wa michango, na kiasi cha kila mtu, na maelezo yake. Ndivyo kamati zinavyoendeshwa."

Nilitazama karatasi yangu. Upande wa pili wa meza, Mama Jose naye alitazama ya kwake, kisha akaniangalia mimi. Ni mke wangu wa miaka mingi; hakuhitaji kuuliza.

"Namba moja," mweka hazina akaendelea. "Fundi friji, 30,000. Maelezo: simu haipatikani. Huyu ni wa upande gani?"

"Wa bwana harusi huyo," akajibu mtu nyuma, kwa uhakika kabisa.

"Namba mbili. Jirani wa geti jekundu, 15,000. Maelezo: kasema anamsubiri mwanawe. Jamani, hata majirani wamejitolea! Namba tatu." Akanyamaza. Akashusha miwani, akaipandisha. "Namba tatu, Mjomba. Mwenyekiti wetu. Laki nne na nusu."

Kimya kidogo, halafu baa nzima ikalipuka. Makofi, vigelegele, mtu akagonga chupa kwa kifungulio. Mtoa ahadi mkubwa kabla ya hapo alikuwa wa laki mbili, na aliomba alipe kwa mafungu. Shangazi mmoja alisimama, akatoka na khanga yake akampepea mjomba usoni.

Mjomba alikuwa ameishika karatasi kwa vidole viwili. Alisoma mstari wake, akasoma ule wa "Kauliza hali ya watoto", akainua macho taratibu yakanitafuta, yakanipata. Mimi nilikuwa namenya karanga zilizokwisha kumenywa. Niseme nini? Nisimame mbele ya ukweni nitangaze kwamba hiyo si ahadi, mzee ananidai, samahani, namdai? Na yeye aseme nini? Akane laki nne na nusu mbele ya khanga ya shangazi?

"Na maelezo," mweka hazina akasoma kwa sauti ya kufundishia imla, "kasema Ijumaa."

"Ijumaa hii, Mwenyekiti?" akauliza kijana mmoja mwenye kalamu tayari.

Mjomba akakohoa. "Ijumaa," akasema.

Kalamu ikaandika.

Watu walipotaka kufungua ukurasa wa pili, Mama Jose alishasimama. "Wajumbe, ukurasa wa pili una makosa ya uchapaji. Naomba tuuchane wote, niukusanye." Alipita meza kwa meza kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo, akikusanya kichwa chake mwenyewe kwa thelathini. Mzee mmoja tu alikuwa keshasoma, akanyoosha mkono kuuliza hiki chakula cha mbwa ni cha sherehe ipi. Akaambiwa ni mbuzi, imekosewa. Akaridhika.

Njiani hatukusema neno. Nyumbani, kabla hata hajavua viatu: "Laki nne na nusu, Baba Jose?"

"Na ile ya Kichwani je?" nikasema, nikidhani nina hoja.

"Ile nimeichana. Yako wameiandika."

Flashi ilirudi nayo na mambo yake. Nilipoichomeka, kila faili lilikuwa shotikati ya kilobaiti moja, mafaili yenyewe hayaonekani. Kirusi kile kinakaa kwenye mashine za steshenari na kupanda kila flashi inayopita. Jose ndiye aliyefungua kile kidirisha cheusi na kuandika attrib -h -r -s /s /d, mafaili yakafumuka yote, yalikuwa yamefichwa tu. Akafuta zile shotikati, akapitisha programu ya kuua virusi. Nikafungua hesabu zangu. Programu ikanionya kwamba faili hilo huenda linatumiwa na mtu mwingine.

"Mtu mwingine nani?" akauliza Mama Jose kutoka jikoni, kwani niliisoma kwa sauti.

Ilikuwa kufuli tu. GnuCash ikifungua faili inaweka kando yake kijifaili cha .LCK, na ikifungwa vizuri inakiondoa. Ukiichomoa flashi faili likiwa wazi, kufuli linabaki mlangoni na mwenye ufunguo hayupo. Nikaiambia ifungue hivyo hivyo. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa nyanya na vitunguu vya Jumapili ile. Halafu nikalihifadhi faili kwa jina lilelile kwenye diski ya laptopu yenyewe, nikaifunga programu, nikachomoa flashi, nikaiwasha tena, likafunguka bila kupe. Ripoti nilizokuwa nimezitengeneza kwa mtindo wangu hazikuja, hizo hukaa kwenye mafaili mengine ya kompyuta ya zamani, nje ya faili la hesabu. Sikwenda kuzichukua. Ripoti nilikuwa nimezichoka.

Ijumaa ikafika. Saa kumi jioni kundi la kamati la WhatsApp likalia mfululizo: Mwenyekiti kalipa, taslimu, yote, 450,000. Baadaye nilikuja kusikia aliuza bati. Hazikuwahi kupanda paani. Zilikuwa zimeegemea ukuta wa choo tangu siku alizonunua.

Usiku akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mkwe wangu. Lile jambo letu, basi limekwisha."

"Limekwisha vipi, mjomba? Hela imekwenda kamatini."

"Ndiyo. Si karatasi yako ndiyo iliyosema nadaiwa? Nimelipa nilipodaiwa, na mashahidi walikuwepo. Wewe umeshawahi kuona deni linalipwa kwa vigelegele?" Kisha akaniuliza hali ya watoto.

Nikafungua laptopu. Mstari wa Mjomba ilibidi usomeke sifuri, hilo halina ubishi, lakini 450,000 haziwezi kutoka upande mmoja zikaishia hewani. Programu inataka upande wa pili. Benki hazipo. Pochini hazipo. Mshale umesimama kwenye kisanduku unapepesa, unasubiri niseme hela yangu imekwenda wapi. Mama Jose akaja na kikombe cha chai, akasoma juu ya bega langu.

"Weka ile ya hiari," akasema.

Nikaweka ile nyingine.

Kadi za wachangiaji zilipotoka, ya mjomba ilikuwa ya kwanza: ya watu wawili, meza ya mbele, jina limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Yangu haikuja. Ahadi yangu mwenyewe, 150,000, ilikuwa bado haijalipwa, na mweka hazina alinitumia ujumbe wa kunikumbusha, akaongeza kwa upole wa kiualimu kwamba sisi vijana tungejifunza kwa wazee kama mjomba wetu.