Msifukie tope la Luchelele

Wiki hii nimekuta malori yakimwaga kifusi ufukweni mwa Ziwa Viktoria upande wa Luchelele, hapa Mwanza, pale maji yanaporudi nyuma kiangazi na kuacha tope. Nikauliza kulikoni. Msimamizi akanijibu, "Kaka, hapa hakuna kitu, ni tope tu." Nimekasirika, na bado sijapoa.

Tope hilo ni chakula. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi na kuzonga taa zetu za barazani huanzia maisha humo, wakiwa viluwiluwi wekundu. Mna minyoo pia, na konokono wadogo. Kuanzia Agosti vitwitwi, ndege wa ufukweni, wanashuka kwetu kutoka kaskazini mwa Ulaya na Siberia, na wengi hubaki mpaka Aprili. Mwenye mdomo mfupi hudonoa juu juu, mwenye mdomo mrefu huuzamisha chini, ndiyo maana aina kadhaa hula eneo moja na ugomvi ni mdogo. Mmoja wao ana uzito wa gramu 25 hivi, na hutaga kule Siberia kwenye baridi! Kabla ya kurudi lazima ajaze mafuta mwilini, na mafuta hayo anayapata topeni. Ukimfukia tope lake Februari, ataondoka amekonda, au asiondoke kabisa.

Msiniambie watahamia kwingine. Kwingine wapi? Bustani za mchicha zimefika majini, magugu maji yameziba vighuba, Mto Mirongo unashusha chupa na maji machafu. Na sato wachanga nao hukulia kwenye maji ya kina kifupi, wavuvi wanajua.

Haya, viwanja Mwanza ni shida, mawe yametubana kila upande. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Tena nchi ina maeneo manne ya Ramsar, yaani ardhi oevu zilizoorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kuzihifadhi: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ziwa Viktoria, kubwa kuliko yote Afrika, upande wetu halina hata moja. Inauma.

Viongozi wa mitaa ya ufukweni, kabla ya kugonga muhuri wa kiwanja chochote, pimeni hizo mita 60 kwa futi kamba mbele ya wananchi. Kifusi kilichokwisha kumwagwa ndani yake kiondolewe mapema, maana tope linahitaji muda kujaa wadudu tena, na Februari ndege wanaanza kunenepa.