Huku mwenye gari akilalamika anaandikwa, Dodoma tunatolewa balbu

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma na wote mlioko mbali. Nikiongea na watu wa nyumbani wengi wanadhani raha ya Marekani upande wa magari ni gari mpya na lami isiyo na shimo. Mi naishi Ohio na nawaambia mashimo yapo, na ile chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha barafu inakula bodi mpaka unaona matundu. Ninachotamani kije nyumbani ni kimoja tu, mwenye gari akilalamika malalamiko yake yaandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma.

Nina sedani ya kawaida ya familia, ya kwendea kazini na kupeleka watoto shule. Ikaanza tabia, ukikata kona taratibu usukani unakuwa mzito ghafla, taa inawaka kwenye dashibodi, ukizima ukiwasha tena hamna kitu, yaani ukimwelezea mtu anaona unaota. Walioniuzia wakachomeka mashine yao wakasema haioni kosa lolote, nenda tu. Sasa huku kuna idara ya serikali inaitwa NHTSA, ipo tangu 1970, unaingia mtandaoni unajaza fomu bure, unaweka ile namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17, kifaa gani kina shida, ulikuwa spidi gani, kuna aliyeumia au la. Kabla sijajaza nikasoma za wenzangu wenye gari kama langu, jamani, usukani ule ule, taa ile ile, na majibu yale yale ya mashine haioni kitu. Kuna mama kaandika usukani ulimgomea anaingia barabara kuu na mtoto yuko siti ya nyuma. Nilisoma hiyo nikasimama kwanza.

Malalamiko yakifanana na yakawa mengi idara inaweza kufungua uchunguzi, na ubovu wa kiusalama ukithibitika kampuni lazima iyaite magari yarudi na kuyatengeneza kwa hela yake, hata kama wewe umenunua kwa mtu. Yangu barua ilikuja, wakabadilisha mota ya usukani, sikutoa hata senti.

Na msidhani kampuni za huku zina huruma. General Motors walikuwa na swichi ya ufunguo dhaifu, ukiwa na rundo zito la funguo au goti likigusa inajirudisha yenyewe, injini inazima gari ikiwa mwendo, usukani unakuwa mzito na eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukukinga gari likigonga, hazifunguki. Ndani ya kampuni kuna watu walijua miaka na miaka, magari yakaja kuitwa 2014, na mfuko wa fidia ukakubali vifo 124. Kwa hiyo kampuni ikiachwa peke yake inakaa kimya, inasukumwa na watu wanaosema.

Nyumbani sasa. Kwa mafundi hatuna mpinzani, hilo nalisema kwa moyo wote. Fundi wa Majengo anapanda na wewe, mnazunguka mpaka Sabasaba, anasikiliza, anakwambia hiyo boljointi ya kushoto, na kweli ndo hiyo. Ila anachokijua kinabaki garejini kwake. Gari za aina ile ile zinasumbua hivyo hivyo Singida, Manyoni, Kondoa, na kila mmoja anaona ni mkosi wake peke yake.

Kaka yangu yuko Nkuhungu, ana sedani ya mtumba kutoka Japani. Taa ya eabegi ikawa inawaka haizimi, akaipeleka, fundi akamwambia, "Bosi, ile balbu nimeshaitoa, haitakusumbua tena." Hilo limeniuma sana. Taa ile ndo ilikuwa inamwambia kuna tatizo, na gari hiyo hiyo inabeba mama na watoto kwenda Gairo, ile barabara ya Kibaigwa mnaijua, malori na mabasi.

Na eabegi sio mchezo. Zile za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa inazitengeneza, kemikali yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, siku ikifumuka inapasua kopo lake na vipande vya chuma vinampiga mtu usoni na shingoni. Duniani ziliitwa kama milioni 100, kwenye magari ya kampuni nyingi kubwa, na gari nyingi tunazonunua ni za miaka hiyo hiyo. Gari ya Japani haina ile namba ya 17, ina namba ya chesisi, iko kwenye kadi. Tovuti za watengenezaji kule Japani zina sehemu ya kuingiza hiyo namba uone kama gari lako limeitwa, ni Kijapani ila simu inatafsiri.

Shirika la viwango TBS wanakagua gari za mtumba, sawa, na Tume ya Ushindani FCC kumlinda mlaji ni kazi yake kwa sheria ya 2003, na Bunge liko hapo hapo mjini. Tufanyiwe fomu moja ya Kiswahili, mwenye gari ajaze kwenye simu, fundi naye aruhusiwe kujaza, halafu yawekwe wazi.

Namba ya gari ya kaka nimeingiza, imetokea kwenye walioitwa, eabegi ya abiria. Nimemwambia siti ya mbele asikae mtu. Mwenye kujua nani hapo Dodoma au Dar anabadilisha hizo kihalali, sio za kuchomoa kwenye gari lililopata ajali, aniandikie hapa chini, na kama gari lako linafanya kama langu taja aina, mwaka na shida yenyewe.