Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Mhudumu Hulala kwa Saa Ngapi

Mama yangu alipopata kiharusi na baadaye kuruhusiwa kutoka hospitalini, familia yetu ilibakiwa na siku tatu tu za kumtafutia mtu wa kumhudumia nyumbani kwake Buruburu. Dada yangu, ambaye huishi Marekani, alizipitia tovuti za kampuni za Nairobi zinazohudumia wazee na kuchagua zile zilizokuwa na picha za kupendeza. Mimi niliye hapa nilipiga simu nikiulizia bei. Tukaangukia kampuni ambayo picha zake zilimridhisha yeye na bei yake ikaniridhisha mimi, nasi tukajiona tumefanya kazi ya maana. Swali ambalo leo ningeliuliza kabla ya jingine lolote halikumjia yeyote kati yetu: mtu mtakayetuletea atalala kwa saa ngapi, na katika fedha tunazowalipa ninyi, yeye atapokea ngapi?

Aliletwa binti mpole wa miaka ishirini na kitu, kwa makubaliano ya "huduma ya saa 24", nasi tukawa tunailipa kampuni shilingi 45,000 kila mwezi. Katika wiki ya tano, nilipokuwa nikimgeuza Mama ili nimbadilishie shuka, niliona kidonda kwenye kisigino na kingine juu kidogo ya makalio. Yeyote aliyewahi kuuguza mtu asiyejiweza anajua vidonda vya kulalia vinakotoka: ngozi iliyokandamizwa na uzito wa mwili kwa muda mrefu hukosa damu na kufa, na kinga yake ya kwanza si mafuta wala poda bali ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Nilimgombeza yule binti kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Anko, tangu nije hapa sijalala saa tatu mfululizo, na sijapata siku ya kupumzika hata moja." Nilipomuuliza kwa nini hakuiambia kampuni, alijibu kwamba mwenzake aliyeomba mapumziko aliondolewa kazini. Ndipo nikamuuliza hulipwa ngapi. Zilikuwa shilingi 17,000.

Tangu siku hiyo nimeshikilia msimamo ambao baadhi ya jamaa zangu huuona wa ajabu, kwamba kampuni ya kuhudumia wazee hupimwa kwanza kwa namna inavyomtendea mhudumu wake, na mengine yote hufuata. Sisemi hivyo kwa huruma peke yake, maana hesabu yenyewe inasema. Wiki ina saa 168. Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zimeweka kikomo cha saa 52 za kazi kwa wiki, zikigawanywa katika siku sita, na saa 60 kwa anayefanya kazi usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ukigawanya 168 kwa 52 utapata watu zaidi ya watatu. Kwa hiyo kampuni inayokuuzia saa 24 za kila siku kwa mtu mmoja inakuuzia kitu kisichokuwapo, na sehemu inayokosekana ni ileile ya usiku wa manane, wakati mzee anapohitaji kugeuzwa, au anapoinuka peke yake kwenda msalani akaanguka.

Wapo watakaosema kuwa zile shilingi 17,000 zilikuwa halali, kwa kuwa kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilipandishwa Novemba 2024 hadi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Kwenye karatasi pengine kampuni ingeweza kujitetea hivyo. Lakini kima hicho ni malipo ya saa zilizowekwa na kanuni, wala si ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mgonjwa usiku na mchana.

Siwalaumu wenye kampuni kwa kuchukua fungu lao. Kumchuja mtu, kumfundisha, kumtafutia mwenzake wa kumpokea anapougua, na kumtuma muuguzi msimamizi aje kukagua kazi, yote hayo yana gharama, na familia inayotaka kuyapata haina budi kuyalipia. Ninachodai ni kuonyeshwa kwamba yanafanyika. Katika wiki zile tano hakuja msimamizi hata mara moja, na simu pekee niliyopigiwa na kampuni ilikuwa ya kunikumbusha malipo. Mhudumu anayelipwa vibaya pia hakai: mara ameitwa kazini nchi za Ghuba, mara amepata familia nyingine inayomwongezea kidogo, nanyi mnabaki mkipokea sura mpya kila mwezi. Kwa mzee ambaye akili yake imeanza kusahau, sura mpya inayokuja kumvua nguo ili imwogeshe ni hofu ambayo sisi wazima ni vigumu kuielewa.

Jambo la pili ambalo familia nyingi hulichanganya ni tofauti kati ya muuguzi na mhudumu. Muuguzi amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na ana leseni ya kufanya kazi. Ukipewa jina lake kamili na nambari yake, unaweza kuhakikisha kwa Baraza lenyewe kwamba leseni hiyo ni hai. Mhudumu wa kawaida hana leseni ya namna hiyo. Anaweza kuwa na cheti cha mafunzo ya wiki kadhaa au ya miezi kadhaa, na anaweza kuwa hodari kuliko wengi wenye vyeti vikubwa, lakini kazi yake ni kuogesha, kulisha, kugeuza, kutembeza na kukumbusha dawa. Mpira wa mkojo, mrija wa kulishia unaopitishwa puani na kusafisha kidonda kilichochimbika ni kazi za muuguzi. Muulize anayekupigia hesabu ya bei ni nani hasa atakayekuja, na kama ni mhudumu, ni muuguzi gani anamsimamia na huja mara ngapi. Nimeona mavazi meupe yakivalishwa watu ambao hawajawahi kuingia chuo cha uuguzi, na familia ikawaita "sista" kwa heshima zote. Kwa mgonjwa wa saratani aliyefika hatua ya maumivu makali, hata muuguzi mzuri wa kampuni huenda asitoshe. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, inajua mambo ya kutuliza maumivu kuliko kampuni yoyote niliyozungumza nayo.

Kampuni inayokutajia bei kwa simu kabla ya kumwona mgonjwa iache iende zake. Nyumba nyingi za Buruburu zilijengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikiwa na ngazi ndani: sebule na jiko chini, vyumba vya kulala na bafu juu. Kampuni yetu ya kwanza haikulijua hilo, kwa sababu haikuuliza. Yule binti alikuwa akimshikilia Mama, ambaye upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, akimshusha na kumpandisha ngazi zile peke yake, hadi sisi wenyewe tulipohamishia kitanda sebuleni. Muuguzi wa kampuni ya pili, tuliyoiendea baada ya hapo, alikuja nyumbani kabla hatujatia saini chochote, akakaa karibu saa mbili. Alipanda ngazi, akajaribu mpini wa mlango wa choo, akaitazama ngozi ya Mama kuanzia kisogoni hadi visiginoni, akamwaga dawa zote mezani na kuuliza kila moja hunywewa saa ngapi, kisha akampa Mama maji kijiko kimoja kimoja huku akimtazama koo, kwa kuwa aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa na maji yakaingia mapafuni. Mwishoni akauliza Mama huongea lugha gani.

Swali hilo la mwisho lilinigusa kuliko yote. Mama ni Mkamba wa Kitui. Amekaa Nairobi zaidi ya miaka arobaini na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini baada ya kiharusi kilififia, kikabaki Kikamba, nacho kwa maneno machache. Neno alilolitaja mara nyingi lilikuwa "manzi", yaani maji. Binti wa kwanza alizaliwa na kukulia Eastlands, na katika Sheng ya vijana wa huko "manzi" ni msichana. Kwa wiki kadhaa alidhani Mama anamwita, akawa anaitika kwa furaha na kuja kuketi karibu naye. Tulicheka tulipogundua, ingawa kicheko hicho hakikudumu nilipofikiria ni mara ngapi Mama alibaki na kiu. Sidai kila mzee apewe mhudumu wa kabila lake, maana huo ni mlango ambao ukifunguliwa hovyo huingiza mambo mengine. Nadai tu kwamba kampuni iulize, na mhudumu aandikiwe maneno ishirini ya lazima na kuyabandika kando ya kitanda.

Mengine ni ya kawaida na sitayakalia sana. Omba kuona cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Omba nambari za familia mbili ambazo kampuni inazihudumia au ilizihudumia, uzipigie, na usiwaulize kama wameridhika. Waulize walibadilishiwa wahudumu mara ngapi kwa mwaka. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, wala si kwenye simu ya mtu binafsi. Mkataba useme ni nani atakuja, na baada ya saa ngapi, siku ambayo mhudumu amekwama kwa mafuriko au maandamano.

Ipo pia njia ya mkato ambayo karibu kila familia huifikiria, nayo ni kumwambia mhudumu aachane na kampuni ili mumwajiri wenyewe. Kwa hesabu inavutia, kwa kuwa yeye atapata zaidi nanyi mtalipa pungufu. Mikataba mingi hulikataza jambo hilo kwa muda fulani, kwa hiyo soma kwanza. Zaidi ya hapo, siku hiyo mwajiri ni wewe: mkataba wa maandishi, makato ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na ya bima ya afya ya jamii, siku 21 za likizo ya mwaka yenye malipo, na kutafuta mtu mwingine siku anapofiwa kijijini. Anayeweza kuyabeba hayo na ayabebe. Mimi nilijipima nikaona siwezi.

Najua pia kwamba familia nyingi za jiji hili haziwezi kulipia wahudumu watatu, na sisi ni miongoni mwao. Nililojifunza ni kwamba ni afadhali kununua saa chache za kweli kuliko saa 24 za karatasi. Kwa kampuni ya pili tuna wahudumu wawili: mmoja huja mchana kwa saa 52 za wiki, mwingine usiku kwa saa 60. Jumla ni saa 112, na saa 56 zinazobaki ni zetu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Kampuni haikutajwa, na nimekubali kwamba fungu letu haliwezi kununuliwa lote. Dada yangu hulipia wa usiku. Mdogo wangu huja jioni akitoka kazini. Mimi hushika Jumapili nzima na usiku wake.

Vidonda vya Mama vilichukua karibu miezi minne kupona. Juu ya meza kando ya kitanda kuna daftari ambamo kila zamu huandika saa na upande aliogeuziwa, na mhudumu wa usiku, mama mtu mzima ambaye haogopi kunirekebisha, huanza kazi Jumatatu kwa kusoma ukurasa wangu. Wiki iliyopita alikuta nimeandika saa sita na saa tisa, na katikati hapana kitu. Alinyoosha kidole pale pa saa nane, akanitazama, akaenda kumgeuza Mama.