Ska si rege iliyokimbizwa

Wiki iliyopita tulikaa watu sita kwa rafiki yetu mmoja, kila mtu akipewa zamu ya kuweka wimbo mmoja anaoupenda. Zamu yangu ilipofika nikaweka Skatalites, bendi ya Jamaika iliyopiga ska, muziki uliotangulia rege. Hata sekunde ishirini hazijapita, jamaa mmoja akauliza, “Mbona hiyo rege inakimbizwa hivyo? Punguza basi.” Wenzake wakacheka. Wimbo ukaisha, zamu ikahamia kwa mwingine, na mimi nikabaki nimenuna.

Jamaa mwenyewe ni mtu mwema na hakukusudia ubaya. Kilichoniuma ni kwamba maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno: eti ska ni rege iliyotiwa haraka, au ni mazoezi waliyoyafanya Wajamaika kabla hawajajua wanatafuta nini. Siku zote nanyamaza. Leo nayajibu, na nitayajibu kwa urefu.

Kwanza miaka. Ska ilikuwa imeshaikamata Kingston mwanzoni mwa miaka ya 60. Jamaika ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, muziki uliokuwa hewani ni huo, na mwimbaji Derrick Morgan alikuwa na kibao chake cha kuupokea uhuru. Roksteadi, mtindo uliorithi nafasi ya ska, ilikuja 1966, mwendo ukatulia na besi ikapata nafasi ya kuvuta pumzi. Rege ikafuata, na jina lake likaanza kuonekana kwenye santuri mwaka 1968. Sasa niambie, mpigaji wa 1962 alikuwa anakimbiza rege ipi?

Na kwa kuwa mabishano yote ya namna hii huishia kwa Bob Marley, twende kwa Bob Marley. Kibao kilichowatambulisha Wailers, kundi lake, nyumbani kwao, Simmer Down, kilichoshika namba moja Jamaika mwanzoni mwa 1964, ni ska tupu. Kilirekodiwa kwa mtayarishaji Coxsone Dodd, kwenye studio yake ya Studio One, na waliopiga vyombo ni wale wale ambao miezi michache baadaye walijiita Skatalites. Marley alikuwa kijana ambaye hata miaka ishirini hajafikisha, na tayari ana la kusema: anawaambia vijana wakorofi wa mitaani watulize hasira kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo hoja nyingine ninayotupiwa, kwamba rege ndiyo iliyoleta ujumbe na ska ilikuwa ya kurukaruka tu, nayo haina miguu.

Tuje kwenye mapigo, maana kosa linaanzia hapo. Hesabu taratibu: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Gitaa na piano ya ska haziguswi kwenye namba. Zinaguswa kwenye “na”, kila “na”, bila kuruka hata moja. Niliwahi kujifunza kupiga gitaa hilo. Aliyenifundisha aliniambia nisahau kushusha mkono. Pigo lote linatoka mkono ukipanda. Nyuzi zikilia tu, vidole vya kushoto vinalegea palepale ili sauti ikatike. Chak. Chak. Chak. Sauti fupi, kavu, kama mtu anayekata kitu kwa mkasi. Dakika ya kwanza ni raha. Dakika ya tatu mkono mzima unawaka, na ukichelewa chembe moja wachezaji wanajua kabla yako, miguu yao inapotea.

Chini ya hilo gitaa, besi inatembea kama ya jazi, hatua nne, hatua nne, haipumziki. Na kwenye dramu za Skatalites yuko Lloyd Knibb, aliyechukua mapigo ya buru, zile ngoma za Jamaika zenye mizizi ya Afrika, akayahamishia kwenye seti ya dramu. Msikilize yeye peke yake wimbo mzima, waache wengine wote. Utashangaa jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa mzito na mwepesi kwa wakati mmoja.

Rege inajengwa kwa njia nyingine kabisa. Besi yake inazungumza halafu inaacha mwanya. Dramu inasubiri pigo la tatu. Ukiiongezea rege kasi, mianya ile bado ipo, besi haianzi kutembea, na dramu hazibadiliki. Najua kwa sababu niliwahi kuchukua nyimbo kadhaa za rege nikazipandisha mwendo kwenye kompyuta, usiku mzima, ili niwe na uhakika. Hakuna hata moja iliyogeuka ska.

Lakini gitaa, besi na dramu ni sakafu tu. Kilichonifanya niipende ska, na kinachoniuma mtu akisema “punguza”, ni wapulizaji, watu wa tarumbeta, tromboni na saksafoni. Hapa naomba mnivumilie.

Kingston, kwenye barabara ya South Camp, kulikuwa na shule ya wavulana ya Alpha, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Walipelekwa huko yatima, watoto wa mafukara, na wale waliowashinda wazazi wao. Walifundishwa kazi za mikono, ushonaji, uchapaji, na kulikuwa na bendi. Sista Mary Ignatius Davies aliilea ile bendi kwa miongo mingi. Alikuwa na mkusanyiko wake mwenyewe wa santuri na aliwapigia wavulana wake wasikilize. Alifariki mwaka 2003, na nadhani hakuna mtayarishaji wala mwenye studio anayestahili shukrani za mashabiki wa ska kuliko yeye. Mtoto aliingia pale hana kitu, akawekewa tarumbeta mkononi, akafundishwa kusoma noti. Don Drummond alitoka pale. Tommy McCook alitoka pale. Johnny Moore na Lester Sterling walitoka pale. Hao ni wanne wa Skatalites, kutoka geti moja.

Fikiria walichokuwa nacho walipofika studio. Walisoma noti, walipitia bendi kubwa za jazi, waliwasikiliza Wamarekani kwa makini. Kabla yao, wenye mitambo mikubwa ya muziki wa mitaani, akina Duke Reid na Coxsone Dodd, walikuwa wakiagiza santuri za rithim na bluzi kutoka Marekani na kukwangua lebo ili wapinzani wasijue wimbo ni wa nani. Wamarekani walipogeukia rokenroli, na santuri za aina ile zikaadimika, wenye mitambo wakaamua kurekodi vyao. Wakahitaji watu wanaojua kazi. Watu hao walikuwepo tayari, na wengi walikuwa wamefunzwa na masista.

Ndiyo maana naudhika ska ikiitwa mazoezi. Tommy McCook hakuwa mwanafunzi anayebahatisha. Alikuwa bingwa wa saksafoni aliyeamua kupuliza jazi yake juu ya mdundo wa watu wa mtaani kwake. Weka kibao cha Drummond, Eastern Standard Time, usikilize tromboni inavyoingia. Gitaa linaruka, dramu zinasukuma, watu wanacheza, na juu ya furaha yote hiyo kuna sauti moja yenye huzuni ambayo haiombi mtu aihurumie. Haina haraka hata kidogo. Mdundo unakwenda mbio, yeye anatembea. Kila nikimsikiliza nahisi kama kuna mtu amesimama katikati ya sherehe anawaza jambo lake, na sherehe imempisha.

Skatalites ya kwanza ilidumu kama miezi 14 tu, kuanzia katikati ya 1964 hadi 1965. Kwa muda huo waliacha nyimbo ambazo bendi nyingine haziachi kwa miaka thelathini.

Na siwezi kumsifia Drummond nikaishia hapo. Mwanzoni mwa 1965 alimuua Anita Mahfood, mchezaji dansi aliyejulikana kwa jina la Margarita. Mahakama ilimwona hana akili timamu, akafungiwa hospitali ya Bellevue, akafia huko mwaka 1969. Mashabiki wenzangu wana tabia ya kusimulia habari hii kama msiba wa Drummond, fundi aliyepotea. Anita naye alikuwa msanii. Alikuwa akijaza ukumbi kwa jina lake mwenyewe, na alirekodi pia kama mwimbaji. Naipenda tromboni ile na sitaacha kuisikiliza, lakini anayelitaja jina la mmoja alitaje na la mwenzake.

Baada ya lile swali la jamaa, mazungumzo yaligeuka kuwa kila mtu na bendi yake, na hapo moyo wangu ulitulia kidogo, kwa sababu kumbe chumbani sikuwa peke yangu. Mwenye nyumba ni mtu wa Madness, bendi ya ska ya Uingereza. Anazijua nyimbo zao zote, ila hakuwa anajua kwamba jina lenyewe la bendi limetokana na wimbo wa Prince Buster, mwimbaji wa ska wa Jamaika, na kwamba santuri yao ya kwanza ya 1979 waliitoa kumheshimu huyo huyo Prince Buster. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akaenda kumtafuta Buster papo hapo. Mwingine akasema yeye ni Selecter, nayo ya Uingereza, kwa sababu ya mwimbaji wake Pauline Black. Alikuwa msichana mdogo alipomwona kwa mara ya kwanza kwenye video, mwanamke mweusi ndani ya suti na kofia, ameishika jukwaa kana kwamba lilijengwa kwa ajili yake. Hakueleza zaidi na hatukumuuliza. Wa nne anawapenda Tokyo Ska Paradise Orchestra wa Japani, na hapo sikuwa na la kupinga. Wale wanapuliza kwa nidhamu ambayo Sista Ignatius angeipenda.

Kuhusu ska ya Marekani ya miaka ya 90, ile ya gitaa zinazonguruma na kupiga kelele, sijawahi kuipenda. Kwenye nyimbo nyingi wapulizaji wamewekwa kama pambo, wanaingia sekunde nne wanatoka. Ila niseme ukweli: watu wengi ninaowafahamu waliingilia mlango huo, kwa Reel Big Fish au kwa Mighty Mighty Bosstones, na miaka ilivyokwenda wakarudi nyuma mpaka wakafika Kingston. Mlango unaomfikisha mtu kwa Drummond siwezi kuufunga. Meksiko nako ska inajaza viwanja mpaka leo, na Panteón Rococó wana mashabiki ambao baba na mtoto wanaruka pamoja.

Na kuna jambo moja ambalo jamaa yetu, bila kujua, alikuwa na haki nalo kidogo. Vijana wa Coventry, Uingereza, wa 1979, akina Jerry Dammers na bendi yake ya Specials, waliongeza kasi kweli. Walitoka kwenye panki, ile roki ya kasi na hasira, wakazichukua ska na roksteadi za zamani wakazitia hasira ya Uingereza ya wakati ule, vijana weusi na weupe jukwaa moja huku mitaani wabaguzi wakiandamana. Wapo wanaowaona kama waigaji. Mimi nawaheshimu sana, na sababu yangu kubwa ni kwamba hawakujifanya wao ndio walioanzisha. Walimtafuta mzee wakamkalisha kati yao.

Mzee huyo ni Rico Rodriguez. Mtoto wa Alpha naye, na tromboni alifundishwa palepale shuleni na mwanafunzi aliyemtangulia, Don Drummond. Alihamia Uingereza mwaka 1961, ska yenyewe bado changa. Mwaka 1967 mwimbaji Dandy Livingstone aliporekodi Rudy, A Message to You jijini London, tromboni inayofungua wimbo ule ni ya Rico. Miaka 12 baadaye Specials wakaurekodi upya wimbo huohuo. Wangeweza kumwambia kijana yeyote aige ile sauti. Wakamwita Rico mwenyewe. Na mwaka 1981, Ghost Town ya Specials ilipokuwa namba moja Uingereza huku miji yenyewe ikiungua kwa ghasia, ile tromboni inayolia katikati ya wimbo ni yake tena. Kijana wa shule ya masista, mkono uliofundishwa na Drummond, kwenye wimbo uliokuwa unasikika katika kila redio ya nchi ile.

Juzi nilimtumia yule jamaa nyimbo mbili, ya 1967 na ya 1979. Sikumwandikia maelezo yoyote ya historia, wala sikumkumbusha alichosema. Nilimwomba kitu kimoja tu, asikilize tromboni. Ilipita siku nzima kimya, nikadhani amepuuza. Jana karibu na saa sita usiku simu ikalia.

“Kaka, huyu anayepuliza ni mtu mmoja?”

Nikamwandikia kwamba ndiye. Akauliza alijifunzia wapi. Nikamtumia kile kibao cha Skatalites alichokuwa ametaka kipunguzwe. Dakika tano baadaye akaandika tena, ameanza kukisikiliza mara ya tatu.