Nani amwamshe daktari saa tisa usiku?

Muuguzi msimamizi wa zamu hana wa kumtetea. Wauguzi vijana wanasema kazi yake ni kukagua mafaili na kugombeza: mgonjwa akibadilika usiku, asubuhi swali la kwanza ni "nani alikuwa zamu?" Ndugu wa wagonjwa nao wanamtaka awe mkali zaidi, apatikane wa kuwajibishwa. Pande zote mbili zinamwona kama askari, tofauti ni kwamba mmoja anamwogopa na mwingine anamtuma.

Mwaka jana nilimuuguza shangazi yangu katika hospitali moja ya Mkoa wa Tanga. Karatasi yake ya vipimo ilionyesha anapumua mara 20 kwa dakika. Ya jirani yake, 20. Kitanda cha tatu alilala mama anayehema mpaka mabega yanapanda na kushuka. Naye kaandikiwa 20. Sista msimamizi alipopita aliitazama karatasi, akamtazama mama, kisha akamwita binti aliyeandika. "Mwanangu, njoo tuhesabu wote." Wakasimama na saa dakika nzima. Walipata 32. Hakumgombeza. Simu ya kumwita daktari aliipiga mwenyewe, mtungi wa oksijeni ukasogezwa.

Hiyo 20 si ya bahati mbaya. Kwenye mfumo wa alama za tahadhari unaotumika Uingereza tangu 2012, kupumua mara 12 hadi 20 ni alama sifuri; kuanzia mara 25 ni alama 3. Alama za vipimo vyote zikijumlishwa zikafika 5, mgonjwa aonwe haraka; zikifika 7, ni dharura. Ukiandika 20, basi, hakuna anayesumbuliwa.

Lakini tusikimbilie kusema wauguzi hawaoni. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1990 uliwafuatilia wagonjwa 64 ambao moyo ulisimama wakiwa hospitalini. Asilimia 84 yao walikuwa na dalili za kuzidiwa, au malalamiko mapya, zilizoandikwa ndani ya muda wa saa nane kabla ya moyo kusimama. Zilizoandikwa! Maana yake kuna aliyeona akashika kalamu. Muda huo ni kama zamu nzima. Kilichokosekana ni hatua kutoka kwenye karatasi hadi kwenye simu, na hatua hiyo ni ndefu kwa binti mwenye mwaka mmoja kazini, anayejua kwamba akimwamsha daktari saa tisa usiku na mgonjwa akakutwa mzima, maneno atayapata yeye. Msimamizi anaweza kuyabeba maneno hayo. Cheo chake kina faida gani nyingine saa hiyo?

Wanaopinga kwamba usimamizi wa namna hii utasaidia wana hoja nzito. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika hospitali 23 za Australia: zilizoanzisha timu za dharura za kuwafuata wagonjwa wodini hazikuonyesha tofauti ya maana na zile zisizo nazo. Huku kwetu ugumu ni zaidi. Usiku wauguzi ni wachache, msimamizi mmoja anazunguka wodi kadhaa, na daktari akiitwa mara kumi bure, ya kumi na moja atakuja akijikokota. Hilo la mwisho silipuuzi hata kidogo, maana daktari naye ni binadamu.

Ila jaribio hilohilo lilionyesha kwamba hata penye timu, sehemu kubwa ya wagonjwa waliotimiza vigezo vya kuitiwa timu hawakuitiwa mtu. Timu ilikuwepo, namba ya simu ilikuwepo, mpigaji hakuwepo. Kwa hiyo mimi silisomi kama ushahidi dhidi ya usimamizi. Na kwa uchache wetu wa watu, afadhali msimamizi aache kusaini mafaili kumi ofisini, akasimame dakika moja kwenye kitanda anachokiogopa yule mdogo wake.

Asubuhi ile nilichungulia tena karatasi, kabla hawajakabidhiana zamu. Shangazi yangu alikuwa 18. Jirani yake, 22.