Mataji ya gofu ya miaka ya 1860: ushindani ulikuwa na uzito gani?

Katika orodha ya mabingwa wa The Open, mashindano makongwe kuliko yote makubwa ya gofu, wapo watu watano waliotwaa taji mara nne. Wawili ni wa karne ya 20: Walter Hagen wa Marekani na Bobby Locke wa Afrika Kusini. Watatu waliobaki ni Waskoti wa enzi za mwanzo kabisa: Willie Park, Tom Morris na mwanawe Tom, ambao wapenzi wa gofu huwaita Old Tom na Young Tom. Orodha inawapanga wote safu moja. Kwa miaka mingi wapo wanaolalamika kwamba mpangilio huo si wa haki, na wapo wanaowajibu kwamba bingwa ni bingwa. Mimi naona kila upande umeshika kweli nusu, na jambo lenyewe linafaa kutazamwa kwa takwimu zilizobaki.

Wanaolalamika wana ushahidi mzito. Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 17 Oktoba 1860 huko Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti. Walijitokeza wachezaji wanane tu. Uwanja ulikuwa na mashimo 12, wakauzunguka mara tatu, na kabla ya jua kutua bingwa alikwishapatikana. Katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi: Park alishinda kwa mikwaju 174, Old Tom akafuata kwa 176, Andrew Strath akawa wa tatu kwa 180. Baada ya hapo kuna pengo: wa nne alipiga 191, na wa mwisho 232, yaani mikwaju 58 nyuma ya bingwa. Kwa hiyo hata hao wanane, kwa ukweli wa mchezo, walikuwa watatu.

Tena watatu haohao ndio waliogawana mataji yote mpaka mwaka 1867. Park alichukua matatu, Old Tom manne, Strath moja la mwaka 1865. Miaka minane ikapita bila mtu wa nje ya kundi lile la siku ya kwanza kulishika taji. Leo The Open huanza na wachezaji 156, wengi wao wakiwa wamefuzu kwa viwango vyao au kupitia mchujo mkali kabla ya kukanyaga uwanja. Kumshinda Park na Strath ni kazi, lakini si kazi ileile.

Upande wa pili hujibu hivi: wachezaji wale walikuwa wachache kwa sababu gofu yenyewe ilikuwa ndogo. Walioishi kwa mchezo huo walikuwa makedi (wabebaji wa fimbo za wachezaji), watengeneza mipira, watengeneza fimbo na watunza viwanja wa Uskoti. Allan Robertson wa St Andrews, aliyehesabiwa kuwa bora kuliko wote, alikuwa amefariki mwaka 1859, na mashindano yakaanzishwa ili kumjua mrithi wake. Kuanzia mwaka 1861 milango ilifunguliwa hata kwa wachezaji wa ridhaa. Mtu awashinde nani zaidi ya waliopo?

Jibu hilo naliheshimu, ila linajibu swali jingine. Linathibitisha kwamba Park na Old Tom walikuwa bora wa wakati wao, jambo ambalo sijaona mtu makini akilikataa. Halituambii taji moja la wakati ule lina uzito gani likiwekwa kando ya taji la Locke.

Hapa ndipo gofu inapotusaidia kuliko michezo mingi. Katika ndondi au soka, huwezi kumpima mshindi bila kumpima mpinzani wake. Gofu iko karibu zaidi na riadha: Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch mwaka 1974, saa ilimpima yeye, hata kama waliomfuata wangekuwa wazembe. Na kwa bahati nzuri, The Open ilichezwa Prestwick pekee kuanzia 1860 hadi 1872, mashimo 36 kila mara, kwa mpira wa aina ileile wa gutapacha, yaani utomvu wa mti uliokaushwa. Hali ya hewa ilibadilika, bila shaka, lakini kipimo chenyewe hakikuhamishwa.

Chukua mwaka 1861 na 1862. Mwaka wa kwanza Old Tom alishinda kwa mikwaju 163, tofauti ya minne. Mwaka uliofuata alipiga 163 tena, namba ileile kabisa, na akashinda kwa tofauti ya 13. Yeye hakuongeza kitu. Park, aliyeshika nafasi ya pili miaka yote miwili, ndiye aliyeshuka kiwango, kutoka mikwaju 167 hadi 176. Hiyo tofauti ya 13 ilibaki kuwa rekodi ya mashindano makubwa mpaka Tiger Woods alipoivunja kwa 15 kwenye US Open ya mwaka 2000, Pebble Beach. Kwa maoni yangu rekodi ile ya 1862 haikustahili heshima yote hiyo. Ni mfano halisi wa jinsi uhaba wa wapinzani unavyoweza kumtukuza mtu.

Sasa mtazame mwanawe. Kabla ya 1868 hakuna aliyewahi kushinda Prestwick chini ya mikwaju 162. Young Tom, akiwa na miaka 17, alipiga 154. Mwaka uliofuata alishinda tena, kisha mwaka 1870 akapiga 149 na kuwaacha waliofuata kwa mikwaju 12. Alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo, hivyo mkanda wa ngozi waliokuwa wakiushindania ukawa mali yake, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika. Muda wote The Open ilipochezwa kwa mashimo 36, yaani hadi 1891, hakuna bingwa mwingine aliyefika 149, ingawa viwanja vilianza kubadilishana na wachezaji waliongezeka.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Young Tom alikulia Prestwick, ambako baba yake alikuwa mtunza uwanja. Mashindano yalipohamia St Andrews mwaka 1873, taji lilikwenda kwa Tom Kidd. Mwaka 1874 huko Musselburgh, Young Tom alishindwa na Mungo Park, ndugu yake Willie, kwa mikwaju miwili. Wanaoupinga ubora wake husimama hapo. Lakini St Andrews ndiko familia yake ilikokuwa ikiishi wakati ule, kwa hiyo hoja ya ugeni haimwangushi moja kwa moja, na mikwaju miwili si aibu. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1875, akiwa na miaka 24, na hatukupata kumwona dhidi ya kizazi kilichofuata.

Kwa hiyo ningewatenganisha hao watatu. Mataji manne ya Park na manne ya Old Tom ni ya wakati wao, na kuyasawazisha na ya Hagen au Locke ni kuhesabu bila kupima. Ya Young Tom yamebeba namba ambazo hazikumhitaji mpinzani yeyote ili ziwe kubwa.